Niache Kwaya au Niache Shahada? Jibu kwa Mwalimu wa Malindi Anayesomea Uzamili

Swali: "Shikamoo Mwalimu, na Bwana asifiwe. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Malindi, nina mume na watoto wawili, na niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika elimu. Utafiti wangu unahusu wasichana wanaoacha shule kabla ya kumaliza kidato cha nne. Kanisani mimi ni katibu wa kwaya na mwanachama wa umoja wa akina mama. Msimamizi wangu, ambaye ni Mwislamu, amenirudishia sura ya pili mara tatu na kuniambia kwamba tasnifu si mahubiri. Mchungaji naye amesema mbele ya wazee kwamba vitabu vimenipoza. Mama yangu yuko Gede na afya yake si nzuri. Je, niache huduma hadi nimalize, au niache shahada? Na mtu anaweza kuyafanya yote haya bila kumkosea Mungu?"

Marahaba, dada yangu, na asifiwe milele. Jibu langu ni kwamba usiache shahada wala usiache kanisa. Lakini itakubidi uuweke chini ukatibu wa kwaya kwa kipindi chenye mwisho unaojulikana, na itakubidi mchungaji wako na msimamizi wako wasikie kutoka kinywani mwako mambo ambayo mpaka sasa umewaachia wayakisie. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, nami nitakaa zaidi pale ambapo naona mzigo wako umelalia.

Wanafunzi wengi wanaoniletea swali kama lako huwa wamekwisha kuandika ratiba. Wamezigawa saa za juma, hizi za kitabu, hizi za kanisa, hizi za nyumbani, na baada ya majuma machache ratiba imevunjika nao wanajilaumu kwa uvivu ambao hawana. Ratiba ya namna hiyo huchukulia kwamba saa zote ni sawa, ilhali masomo, sala na jamii hudai muda wa aina tatu zisizofanana. Kuandika sura ya tasnifu kunataka muda mrefu usiokatizwa. Saa moja iliyobaki kati ya kusahihisha madaftari na kupika chakula cha jioni itakutosha kusoma makala au kupanga marejeleo, lakini haitakutosha kujenga hoja, kwa sababu nusu yake huishia katika kutafuta mahali ulipoachia. Sala haidai nusu ya siku. Inadai kurudiwa kila siku, hata kama ni kwa muda mfupi, na anayejiambia kwamba ataomba vizuri akishamaliza pendekezo la utafiti hukuta kwamba pendekezo limepita, ukusanyaji wa data umeanza, na ile siku ya kuomba vizuri bado haijafika. Jamii nayo inataka uwepo wako pale jambo linapotokea. Jirani akifiwa Muyeye, matanga hayangojei upate nafasi, na hakuna atakayekumbuka vikao vyote vya kamati ulivyohudhuria ikiwa siku hiyo hukuonekana.

Kwa hiyo swali la kwanza usilielekeze kwenye idadi ya saa. Jiulize ni muda wa aina gani unaoupoteza kwa sasa. Kwa maelezo yako, naamini unaoupoteza ni ule mrefu usiokatizwa, na kwa mwalimu wa sekondari muda huo hupatikana hasa katika likizo za Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Sasa tazama kanisa linafanya nini katika miezi hiyo hiyo. Pasaka huangukia daima kati ya tarehe 22 Machi na tarehe 25 Aprili, kwa hiyo mara nyingi hukutana na likizo ya kwanza au huigusa. Agosti kuna kambi za vijana, mikutano ya injili na harusi. Desemba kuna Krismasi, na tena ndio mwezi ambao jamaa walioko Mombasa na Nairobi hurudi nyumbani, na kila jambo la ukoo lililokuwa likingoja huitishiwa kikao. Katibu wa kwaya anahitajika zaidi katika majuma yale yale ambayo mwandishi wa tasnifu anayategemea. Hilo ndilo fundo lako, wala halitokani na udhaifu wa imani yako au wa akili yako.

Fundo hili halifunguki kwa kuamka mapema zaidi, ingawa kuamka mapema kunafaa, hasa wakati wa kaskazi, ambapo baada ya saa nne asubuhi joto la Malindi huifanya kalamu kuwa nzito. Linafunguka kwa kuigawa likizo kabla haijaanza na kuwatangazia watu mgawo huo. Unaweza kuamua, kwa mfano, kwamba juma zima la Pasaka ni la kanisa na hutagusa tasnifu hata ukurasa mmoja, na kwamba siku zote zilizobaki za Aprili ni za kuandika, isipokuwa kwa msiba au ugonjwa wa nyumbani. Agosti uipe tasnifu, ukibakiza Jumapili. Desemba andika hadi tarehe 20, kisha funga kompyuta mpaka mwaka mpya uingie. Watu wetu hawakasirishwi na mtu aliyesema mapema kwamba hatakuwepo, bali na yule aliyengojewa mazoezini asije, kisha akatuma ujumbe wa simu saa mbili usiku.

Yakumbuke pia majira ya utafiti wenyewe, kwa maana tasnifu ina bamvua na maji mafu kama bahari. Kuna vipindi ambavyo yote yanakujia kwa pamoja, na kuna vipindi vya kungoja ambavyo mwanafunzi hawezi kuviharakisha. Ukishatetea pendekezo lako utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, tume inayosimamia utafiti nchini chini ya sheria ya mwaka 2013, na baada ya hapo utapeleka barua kwenye ofisi za elimu kabla ya kuingia shuleni. Barua hizo hupita mikononi mwa watu wengi, na wakati zinapita wewe huna sura ya kuandika. Wanafunzi wengi hukaa majuma hayo na wasiwasi, hawaandiki wala hawapumziki. Wewe yapeleke kanisani na Gede. Waambie akina mama kwamba mwezi huo uko nao, na ushike kazi ambayo ina mwanzo na mwisho, kama vile kuandaa semina moja au kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa majuma manne.

Ndiyo maana nimesema ukatibu uuweke chini, huku nikikusihi usiache kuimba. Kuimba ni ibada, nako hukushikilia siku ambayo maneno yako mwenyewe ya sala yamekauka. Ukatibu ni simu, kumbukumbu za vikao, michango ya sare, usafiri wa kwenda mashindanoni na upatanishi wa sauti ya tatu na ya nne waliokosana. Ni kazi ya heshima, lakini huukata muda wako vipande vipande, na vipande havijengi sura ya tasnifu. Musa alipokuwa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, mkwewe Yethro hakumwambia kwamba kazi ile ni mbaya. Alimwambia kwamba atachoka yeye na watu wake pia, kwa maana ilikuwa nzito mno kwa mtu mmoja. Nenda kwa mwenyekiti wa kwaya ukiwa na jina la mtu ambaye umekwisha kumwandaa, na uiseme tarehe ambayo utakuwa tayari kurudi. Likizo isiyo na tarehe ya kurudi husikika kama kuaga.

Sasa tuje kwa mchungaji. Najua neno lake limekuumiza zaidi kwa sababu lilisemwa mbele ya wazee, na naona haikuwa haki kulisema pale kabla ya kukuita faraghani. Yamkini alilitegemeza kwenye Wakorintho wa Kwanza, sura ya nane: "Ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga." Andiko hilo hutumika sana dhidi ya wasomi, na hutumika vibaya. Mtume Paulo aliwaandikia watu waliojua kwa haki kabisa kwamba sanamu si kitu, lakini wakala nyama mbele ya ndugu dhaifu bila kumjali. Aliukemea ujuzi usio na upendo. Yeye mwenyewe alilelewa miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa torati, na katika waraka wa pili kwa Timotheo, akiwa kifungoni na akiujua mwisho wake, anaomba aletewe joho lake na "vile vitabu, hasa vile vya ngozi". Danieli na wenzake watatu walisoma elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu katika jumba la mfalme mpagani, na Biblia inasema kwamba Mungu ndiye aliyewapa maarifa na ujuzi katika elimu ile.

Na sisi wa Malindi tuna sababu ya kulisema jambo hili kwa uzito kuliko Wakristo wa mahali pengine. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, hapa hapa katika kaunti yetu ya Kilifi. Watu wale waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na kabla ya kufika huko walikuwa wamefundishwa kuikataa shule na kuikataa hospitali. Kanisa la Pwani lililoona hayo halina ruhusa ya kusema kwa wepesi kwamba vitabu humpoza mtu. Linahitaji waumini waliozoezwa kuuliza "umejuaje?", ambao pia wanaweza kuwauliza wahubiri wao swali hilo kwa adabu. Mwambie mchungaji wako hivyo, lakini umwambie mkiwa wawili, na kwa sauti ya binti wa nyumba.

Hata hivyo sitakuwa nimekutendea haki nikikwambia kwamba hana lolote la kweli. Masomo ya juu humfundisha mtu kutafuta kasoro. Unasoma makala ukitafuta pengo, unasikiliza hoja ukitafuta ushahidi wake, na mazoea hayo huingia nawe kanisani bila kubisha hodi. Nimewaona wanafunzi wazuri ambao, kufikia mwaka wa pili, hawawezi tena kusikia mahubiri ya mzee asiyesoma bila kuyasahihisha moyoni. Jichunguze. Ikiwa unatoka ibadani kila Jumapili ukiwa na orodha ya makosa ya mhubiri na huna neno hata moja la kubeba nyumbani, basi mchungaji ameona kitu, ingawa amekipa jina lisilo lake. Dawa yake, kwa nilivyoona, ni kukaa tena mahali ambapo wewe si mtaalamu: ibada ya nyumbani ya jirani, kitanda cha mgonjwa, kikundi cha akina mama wanaosali kwa Kigiryama na kusali vizuri kuliko wewe na mimi.

Kuhusu msimamizi wako, nadhani yuko sahihi, na nadhani hakukudharau. Hakimu Mkristo anapoandika hukumu haandiki kwamba Mungu amemfunulia mwenye hatia. Anaandika ushahidi uliotolewa na sheria inayohusika, ili hata asiyeamini aweze kuipima hukumu ile. Hajamkana Mungu kwa kufanya hivyo. Amemheshimu kwa kutolitumia jina lake kuziba pengo la ushahidi. Tasnifu ni ya namna hiyo. Ukiandika kwamba wasichana huacha shule kwa sababu jamii imemwacha Mungu, mtahini atakuuliza umepimaje, nawe hutakuwa na jibu. Ukiandika ulichosikia kuhusu karo, mimba, umbali wa shule, kazi za nyumbani na ndoa za mapema, na ukaonyesha namna ulivyokisikia, umewatumikia wasichana hao kwa ukweli. Imani yako inaweza kuchagua swali, na naamini ndiyo iliyokuchagulia hili. Lakini iache data ijibu, hata pale jibu litakapokuhuzunisha kama mshirika wa kanisa.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami naliona ni zito kuliko mengi uliyoyauliza. Wasichana utakaozungumza nao wengi wao wako chini ya miaka 18, kwa hiyo utahitaji ridhaa ya wazazi na pia ridhaa ya msichana mwenyewe. Baadhi ya wazazi hao wanaimba nawe au wanakujua kama mwalimu. Je, mama aliyekaa nawe benchi moja Jumapili anaweza kukukatalia Jumatatu? Hapo ndipo cheo chako kanisani kinaweza kumlazimisha mtu bila wewe kujua. Ikiwezekana, chagua shule na vijiji ambako hujulikani, au mwombe msaidizi asiye wa kanisa lenu aombe ridhaa kwa niaba yako, na ulieleze jambo hilo wazi katika sura ya mbinu za utafiti. Na kile ambacho msichana atakwambia kuhusu mtu mnayemjua wote kisiingie katika maombi ya kikundi, hata bila kutaja jina. Mji wetu ni mdogo.

Uaminifu huo ndio mahali ambapo imani na masomo hukutana kweli. Nchini mwetu kuna biashara ya kuwaandikia watu tasnifu kwa malipo, na wateja wake si watu waovu wa kuonekana kwa macho. Wengi ni watu wenye shughuli nyingi kama wewe, wenye mume, kazi, vikao na mgonjwa, ambao usiku mmoja waliona kwamba hakuna njia nyingine. Afadhali uombe kuahirisha muhula, ulipie karo ya mwaka mwingine, uaibike kidogo mbele ya wenzako, kuliko kupokea shahada kwa sura ambayo hukuiandika. Neno hili nalisema kwa moyo wote.

Juu ya Uislamu wa msimamizi wako, mweleze waziwazi kwamba Jumapili asubuhi uko ibadani na hutajibu barua pepe. Mtu anayepanga mihadhara yake kwa kuizingatia sala ya Ijumaa atakuelewa haraka kuliko unavyofikiri. Mji huu umezoea mazungumzo ya namna hiyo. Mwaka 1542 meli iliyompeleka mmisionari Mkatoliki Francis Xavier hadi Goa, India, ilitia nanga Malindi. Alikuwa msomi aliyepata uzamili wake Paris mwaka 1530 na kufundisha falsafa huko. Katika barua aliyoiandika Goa mwaka huo huo anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima wa mji alimuuliza kama Wakristo wa Ulaya huhudhuria sala, kwa sababu hapa kwetu, kati ya misikiti 17, ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa. Jibu la Xavier lilikuwa kali na nisingependa uliige. Lakini muulizaji yule aliona kwamba mgeni wa dini nyingine ndiye angeweza kuelewa huzuni yake, na hilo linaweza kutokea pia kati yako na msimamizi wako.

Mama yako wa Gede asisubiri tasnifu. Bwana Yesu, katika Marko sura ya saba, aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi, na kama hata sadaka haikukubaliwa kuwa kisingizio, sembuse sura ya pili. Gede si mbali. Panga siku moja maalumu kila juma, ili mama aijue na aingoje, na ndugu zako wapange zao. Na mumeo mwonyeshe mgawo wa likizo kabla hujauonyesha kanisa, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki na watoto utakapokuwa umejifungia.

Mwisho, usisome peke yako. Mwanafunzi wa uzamili anayefanya kazi huwa mpweke: vyama vya Wakristo vya vyuoni vimejaa vijana wa shahada ya kwanza, na kanisani hakuna anayejua sura ya pili ni nini. Basil na Gregory wa Nazianzus, ambao baadaye walikuwa maaskofu mashuhuri wa kanisa la kale, walipokuwa wanafunzi Athens katika miaka ya 350, mji uliojaa walimu wa falsafa wasio Wakristo, walikaa pamoja. Na baada ya Basil kufariki mwaka 379, Gregory alisema kwamba wao walizijua njia mbili tu katika mji ule, moja ya kwenda kanisani na nyingine ya kwenda kwa walimu. Walishikana mikono katika njia zote mbili. Hapa Malindi wapo walimu, wauguzi na maofisa wa kaunti wanaosomea uzamili kimyakimya. Tafuta wawili au watatu, wa kanisa lolote, mkutane kila baada ya majuma mawili, kila mmoja asome kurasa chache za mwenzake, kisha msali na mwende zenu. Msiongeze mwenyekiti wala katibu.

Anza na mumeo juma hili, halafu mwenyekiti wa kwaya, halafu mchungaji, kwa utaratibu huo, ili mchungaji asisikie habari ya ukatibu kutoka kwa mtu mwingine. Kwa mchungaji nenda na nakala ya ukurasa mmoja unaoeleza utafiti wako kwa Kiswahili chepesi, na umwombe kwamba, utakapomaliza, akupe jioni moja uwaeleze wazazi wa kanisa ulichokipata. Sura ya pili ipeleke kwa msimamizi baada ya kuondoa kila sentensi ambayo huwezi kuitetea kwa ushahidi. Ukizikuta ni nyingi, niandikie tena na uniambatishie kurasa tano za kwanza.